Ukiona Anapepesuka Umechelewa: Mwongozo wa Kichaa cha Mbwa kwa Kaya za Tarime na Serengeti

Ukiishi Tarime au Serengeti, mbwa ni sehemu ya mji wako. Analala mlangoni, anafuatana na watoto machungani, anambwekea fisi anayenyemelea zizi usiku. Kwa hiyo kichaa cha mbwa si habari ya siku ile mbwa mgeni anapoingia kitongojini akitokwa udenda. Ni habari ya kila siku unayoishi na mnyama huyu. Mwongozo huu una hoja moja, na maelekezo yote yaliyomo yanazaliwa nayo: amua kwa kuangalia jeraha na namna lilivyopatikana, usisubiri dalili. Dalili za ugonjwa huu, ziwe za mbwa, za ng'ombe au za mtu, hujitokeza kirusi kikiwa kimeshaingia kwenye ubongo, na kikishafika huko hakuna dawa ya kuaminika ya kumponya mgonjwa. Bila shaka umewahi kuambiwa hivyo kwenye mkutano wa kijiji, lakini uliambiwa kama amri, na amri isiyo na sababu husahaulika upesi, hasa pale nauli inapokuwa haipo. Tuanze na sababu basi, hata kama itatulazimu kuingia ndani kabisa ya kichwa.

Kisogoni, chini ya ubongo mkubwa, kuna serebelamu. Kwa ukubwa ni sehemu ndogo tu ya ubongo, lakini kati ya nyuroni takriban bilioni 86 za binadamu, bilioni 69 hivi zimo humo, kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2009 na Suzana Herculano-Houzel wa Brazil na wenzake. Kazi yake inayojulikana zaidi ni kuratibu mwendo: mguu uinuke kiasi gani, mkono usimame wapi unapofikia kikombe, koo limeze lini. Gamba lake lina seli kubwa zenye matawi mengi ambazo Jan Purkinje, Mcheki, alizieleza mwaka 1837, na ambazo mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Seli za Purkinje ndiyo njia pekee ya ishara kutoka kwenye gamba hilo. Nyingi kati yake hupeleka ishara kwenye viini vya ndani vya serebelamu, na viini hivyo ndivyo vinavyozungumza na shina la ubongo na thalamasi, na kupitia hizo na ubongo mkubwa na uti wa mgongo. Jambo lililowashangaza wengi ni lile alilolionyesha Masao Ito na mwenzake huko Japani mwaka 1964: ishara za seli za Purkinje ni za kuzuia tu. Seli hizi haziamrishi kitu kitendeke, zinakataza. Zinatoa kemikali iitwayo GABA, ambayo huvuka mwanya mwembamba wa sinapsi na kufungua vijilango vya kloridi kwenye nyuroni ya kiini. Chaji hasi ikiingia, nyuroni ile hunyamaza.

Kwa nini mwili ujengwe hivyo? Kwa sababu nyuroni za viini vya ndani hazisubiri kuamshwa. Zinajiwasha zenyewe, mara nyingi kila sekunde, usiku na mchana. Fikiria bodaboda yenye abiria na mzigo ikishuka mteremko, injini inaunguruma, na dereva amekaza breki: ustadi wake hauko kwenye mafuta, uko kwenye vidole vinavyolegeza na kukaza breki kidogo kidogo. Kila nyuroni ya kiini hupokea ishara za kuzuia kutoka kwa makumi ya seli za Purkinje. Mwaka 2012 Abigail Person na Indira Raman walionyesha, kwa kuchunguza panya, kwamba seli hizo zikituma ishara kwa pamoja zinaacha mianya mifupi kati ya zuio moja na jingine, na ni ndani ya mianya hiyo nyuroni ya kiini hupata nafasi ya kusema kwa wakati sahihi. Mwendo laini unatokana na mpangilio wa vizuizi. Vuruga mpangilio huo, na mnyama atapepesuka ingawa misuli yake ni mizima na mifupa haijavunjika.

Kirusi cha kichaa cha mbwa kinazijua njia hizi kuliko tunavyozijua sisi, na hii si chuku. Kikiingia kwenye jeraha pamoja na mate, kinaweza kukaa kwanza kwenye misuli kwa siku au wiki kadhaa. Kisha kinaingia kwenye ncha ya neva na kupanda kuelekea uti wa mgongo kwa mwendo unaokadiriwa kuwa milimita 50 hadi 100 kwa siku. Kutoka nyuroni moja hadi nyingine kinapita kwenye sinapsi, na kinapita kinyumenyume: kutoka nyuroni inayopokea ishara kurudi kwa ile iliyokuwa inaituma. Tabia hiyo ni ya uhakika kiasi kwamba wanasayansi wamekigeuza kirusi hiki kuwa chombo cha kuchorea ramani ya ubongo. Mwaka 2003 Roberta Kelly na Peter Strick wa Marekani walikiingiza kwenye gamba la ubongo mkubwa wa nyani, wakakifuatilia kikirudi thalamasi, kutoka thalamasi hadi viini vya ndani vya serebelamu, na kutoka viini hadi seli za Purkinje. Hatua ile ya mwisho ndiyo sinapsi ya kuzuia tuliyoieleza hapo juu. Tangu mwaka 1903 Adelchi Negri wa Italia alikuwa ameshaona kwa hadubini vidoa vya pekee ndani ya nyuroni za wanyama waliokufa kwa kichaa, na seli za Purkinje ni miongoni mwa mahali ambapo vidoa hivyo huonekana wazi.

Ukitazama ubongo wa aliyekufa kwa ugonjwa huu, mara nyingi hukuti uharibifu unaolingana na ukali wa kifo chenyewe. Nyuroni nyingi bado zipo. Kilichoharibika ni mawasiliano: tafiti za miaka ya 1990 kwenye nyuroni za panya zilizokuzwa maabara zilionyesha kwamba zikiambukizwa, utoaji na upokeaji wa GABA hupungua. Sidai kwamba kupepesuka kote kwa mbwa mwenye kichaa kunatoka serebelamu peke yake. Shina la ubongo na uti wa mgongo navyo vimeshashambuliwa wakati huo, na ukali, udenda na koo kushindwa kumeza vina vyanzo vyake. Ninachosema ni kwamba mnyama anapoanza kuonyesha dalili, kirusi kimeshavuka sinapsi nyingi na kimo ndani ya nyuroni, mahali ambapo kinga ya chanjo haikifikii kwa urahisi. Safari ile ndefu na ya kimyakimya ndiyo muda wako wa kuokoa. Kwa binadamu huchukua kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu, ingawa inaweza kuwa chini ya wiki moja au zaidi ya mwaka.

Kazi ya kwanza basi inafanyika nyumbani, kabla ya kutafuta pikipiki. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kirusi hiki kimevaa utando wa mafuta, na povu la sabuni huuvunja utando huo. Kwa hiyo sabuni ya mche iliyo jikoni kwako ni sehemu ya tiba yenyewe, ingawa haichukui nafasi ya chanjo. Mmoja amimine maji kutoka kwenye dumu, mwingine aoshe, maji yaingie mpaka ndani ya matundu ya meno na yatoke. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, mtoto atalia, na lita 20 zinaweza kuisha, basi leta dumu la pili. Weka simu ikuhesabie muda. Ukimaliza, paka spiriti au iodini kama ipo. Usipake pilipili, majivu, mafuta ya taa, maji ya betri wala kinyesi cha ng'ombe: vitu hivyo huchoma nyama na kufungua njia nyingine za maambukizi. Jeraha lisishonwe wala kufungwa kwa kukazwa kabla mhudumu wa afya hajaliona.

Kazi ya pili ni chanjo, siku hiyohiyo. Wazee wengi bado wanakumbuka habari za sindano nyingi za tumboni, na hofu hiyo imewafanya watu wakimbilie kwingine. Chanjo zile za zamani zilitengenezwa kwa mishipa ya fahamu ya wanyama. Za sasa zinakuzwa kwenye seli maabara na hudungwa begani au kwenye ngozi ya mkono, na kwa watoto wadogo pajani. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018, dozi za kwenye ngozi hutolewa siku ya kuanza, kisha siku ya 3 na ya 7 baada ya hiyo. Za kwenye msuli zina ratiba ndefu kidogo, na kituo chako kitakueleza kinatumia ipi. Mjamzito anachanjwa. Mtoto mchanga anachanjwa. Kama meno yamepasua ngozi, au mate yameingia machoni, mdomoni au kwenye kidonda, panahitajika pia imunoglobulini, yaani kinga iliyokwisha tengenezwa, inayodungwa ndani na kuzunguka jeraha. Sababu yake ni hesabu tu: mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kutengeneza kinga yake baada ya chanjo, na kwa mtoto aliyeumwa usoni umbali hadi ubongoni ni sentimita chache. Imunoglobulini ikikosekana usirudi nyumbani mikono mitupu. Chukua chanjo, na jeraha lioshwe tena. Na kama umeshachelewa siku tatu au wiki tatu, nenda vilevile. Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 ambaye Louis Pasteur alimchanja tarehe 6 Julai 1885, alianza chanjo siku mbili baada ya kuumwa, na tangu wakati huo elimu yote ya chanjo hii imesimama juu ya jambo hilohilo, kwamba kirusi hiki kinatembea polepole kuliko kinga. Ila hakisubiri milele.

Hapa litakuja pingamizi ambalo halistahili kubezwa: fulani aliumwa, akaenda kwa mganga wa kienyeji, na yupo mpaka leo. Ni kweli, na wapo wengi. Makadirio yaliyotokana kwa sehemu kubwa na takwimu za Tanzania yanaonyesha kwamba kati ya watu walioumwa na mbwa ambaye kweli ana kichaa, na wasipate chanjo, karibu mmoja kati ya watano au sita ndiye hufa. Wengine mate hayakutosha, nguo ilizuia meno, au jeraha lilikuwa mbali na mahali penye neva nyingi. Ongeza wale walioumwa na mbwa mkali tu asiye na ugonjwa wowote, na mganga atakuwa na watu chungu nzima wa kushuhudia kwamba dawa yake inafanya kazi. Hakuna haja ya kumwita mwongo. Huenda naye anaamini anachokiona. Lakini angemwagia jeraha maji matupu angepata ushuhuda uleule, na yule mmoja aliyekufa hayupo kutoa ushahidi wake. Zaidi ya hapo, vifo hivi havihesabiwi. Sarah Cleaveland na wenzake walikadiria mwaka 2002, kwa kutumia taarifa za majeraha ya kuumwa na mbwa, kwamba Tanzania ilikuwa ikipoteza watu wapatao 1,500 kwa mwaka, wakati ripoti rasmi zilionyesha wastani wa watu 11 hivi. Wengi hufia nyumbani, wanazikwa na jina la ugonjwa mwingine, au la kurogwa.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu makini: kama dalili si za kusubiriwa, mbona tunaambiwa tumwangalie mbwa kwa siku 10? Jibu liko kwenye njia ya kirusi. Ili kifike kwenye mate, lazima kwanza kipande hadi ubongoni, ndipo kiteremke kwa neva hadi tezi za mate. Mbwa anayetoa kirusi kwenye mate siku anayokuuma ana ubongo uliokwisha kushambuliwa, au ulio karibu sana na hali hiyo, kwa hiyo ataugua au kufa ndani ya siku hizo 10. Akibaki mzima, anakula na kumtambua mwenyewe, hakuwa na kirusi kwenye mate siku ile. Siku 10 ni za kukusaidia uamue kuacha chanjo, wala si za kuamua kuianza. Anza leo, mfungie mbwa mahali salama, na akiwa mzima siku ya 10 mweleze mhudumu ili asimamishe dozi. Kanuni hii ni ya mbwa na paka wanaofahamika na wanaoweza kufungiwa. Mbwa aliyetoweka, mbweha, fisi, nyegere au paka pori hawana siku 10; hesabu kwamba wana ugonjwa.

Ng'ombe ndiye anayewaponza watu wazima, na hapa nakaa zaidi kwa sababu mafunzo mengi humtaja kwa sentensi moja. Mbwa au mbweha humuuma malishoni, mara nyingi mdomoni au mguuni, mchungaji asijue. Wiki kadhaa baadaye ng'ombe anaacha kula, anatoa udenda mrefu kama uzi, analia kwa sauti iliyokwaruza, anajikamua bila kupata choo, miguu ya nyuma inalegea na anapepesuka. Mwenye ng'ombe akiona udenda na kushindwa kumeza, wazo la kwanza ni kwamba mnyama amekabwa na kitu, labda gunzi au mfuko wa plastiki. Anakunja shati mpaka begani, msaidizi anavuta ulimi pembeni, na mkono unaingia mpaka kooni kupapasa. Anachokigusa ni mate yenye kirusi, na meno ya magego yamekwaruza ngozi ya mkono. Koo halikuwa na kitu. Lilikuwa limesahau kumeza. Usiingize mkono. Ni kweli kwamba ndigana inaweza kupanda ubongoni na kumfanya ng'ombe azunguke mahali pamoja, na ugonjwa wa moyo kujaa maji nao huleta mitetemo, na kwa macho huwezi kuzitofautisha hali hizi kila mara. Hiyo ni sababu ya kumwita mtaalamu wa mifugo kabla ya kumgusa, na wala si sababu ya kubahatisha. Kama mkono umeshaingia, osha dakika 15 na uende kituoni kama aliyeumwa na mbwa. Mnyama huyo asichinjwe kwa haraka ili kuokoa pesa. Nyama iliyochemka vizuri na maziwa yaliyochemshwa haviachi kirusi hai, lakini anayechuna, anayepasua kichwa na anayeosha ulimi ana visu na vidole vilivyokatwakatwa.

Mnyama akifa au akiuawa, kichwa chake kina jibu ambalo kijiji kizima kinalihitaji. Kwa hiyo mbwa asipigwe kichwani mpaka fuvu lisambaratike, jambo ambalo kwa bahati mbaya ndilo hufanyika mara nyingi. Mzoga uwekwe kivulini, mbali na watoto na mbwa wengine, na mtaalamu wa mifugo wa kata apigiwe simu siku hiyo. Yeye, akiwa na glavu na miwani, hahitaji kupasua fuvu kwa shoka: kupitia tundu la kisogo ambalo uti wa mgongo unaingilia, mrija mwembamba unatosha kutoa kipande cha shina la ubongo na cha serebelamu. Sehemu hizo mbili ndizo zinazotakiwa, kwa sababu kirusi kilichopanda kwa neva hakiwezi kuzikosa kikishaleta dalili. Kuna kipimo cha rangi kinachochukua muda wa saa moja hivi na kinachosomwa kwa hadubini ya kawaida. Tiziana Lembo na wenzake walikijaribu kwa sampuli zilizokusanywa Tanzania, nyingine zikiwa zimehifadhiwa kwenye gliserini, na mwaka 2006 wakaripoti kwamba majibu yake yalilingana na ya kipimo kikubwa cha maabara. Majibu hayo yanawasaidia waliogusana na mnyama, wenye mifugo jirani, na wanaopanga chanjo. Lakini yasicheleweshe sindano ya mtu yeyote. Sampuli ikishachukuliwa, choma mzoga au uzike kwenye shimo refu.

Na kama dalili zimeshaanza kwa mtu? Mwongozo wa kweli hauwezi kuruka hapo. Mwanzoni ni kuwashwa au ganzi mahali alipoumwa, hata kama kidonda kimepona. Kisha homa, wasiwasi, koo kukaza akiona maji au akipigwa na upepo, mwendo kuyumba, na katikati ya vipindi hivyo anaweza kuzungumza akiwa na akili timamu kabisa. Mwaka 2004 madaktari wa Wisconsin, Marekani, walimlaza kwa dawa msichana wa miaka 15 aliyeumwa na popo, wakitumia miongoni mwa dawa nyingine midazolamu na fenobabitali, ambazo zote huongeza nguvu ya GABA kwenye sinapsi, kwa matumaini kwamba wakiutuliza ubongo kinga itapata muda. Alipona. Njia hiyo imejaribiwa kwa wengine wengi baadaye na imeshindwa mara nyingi mno, na sasa wataalamu wengi hawaishauri. Kitu kimoja kinabaki na ni kikubwa: diazepamu, iliyopo hata kwenye vituo vya afya, inafanya kazi kwenye mlango uleule wa GABA na inampunguzia mgonjwa mateso. Kwa hiyo asifungwe kamba nyumbani wala kufungiwa chumbani peke yake. Apelekwe kituoni, awe mahali pa giza na kimya pasipo upepo, na ndugu wakae naye. Wanaomhudumia wavae glavu na wasiguse mate kwa mikono yenye vidonda. Aliyerukiwa na mate machoni au mdomoni, au aliyeng'atwa, apate chanjo naye.

Yote hayo ni ya baada ya kuumwa. Kazi iliyo rahisi zaidi ni ya kabla, nayo ni kumchanja mbwa, na ni mahali pachache Afrika palipoithibitisha kwa ushahidi mzuri kama wilaya ya Serengeti. Kuanzia mwaka 1996 mbwa wa wilaya hiyo walichanjwa kwa kampeni, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kichaa kwa mbwa kikishuka kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na kwa asilimia 97 baada ya ya pili, huku majeraha ya kuumwa nayo yakipungua. Katie Hampson na wenzake, akiwemo daktari wa mifugo Magai Kaare, walifuatilia mbwa mmoja hadi mwingine katika Serengeti na Ngorongoro, na mwaka 2009 wakaeleza kwamba mbwa mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na kidogo tu, kwamba ugonjwa hukaa kimya ndani ya mbwa siku 22 hivi, na kwamba mbwa huyo huueneza kwa siku 3 hivi kabla hajafa. Ugonjwa wenye uenezi hafifu kiasi hicho unaweza kukatika. Kinachouokoa ni pengo: mbwa huzaliwa na kufa haraka, hivyo lengo la kuchanja asilimia 70 kila mwaka limewekwa ili, hata baada ya miezi kadhaa ya watoto wapya kuzaliwa, kinga isishuke chini ya kiwango cha hatari. Ufuatiliaji ulioendelea wilayani Serengeti kati ya mwaka 2002 na 2015, katika eneo lenye mbwa wapatao 50,000, ulibaini maambukizi 3,612, na kuonyesha jinsi ugonjwa unavyoweza kudumu ukiwa na mbwa wachache sana wanaougua kwa wakati mmoja. Kutokusikia habari yake kwa miezi sita hakumaanishi umekwisha.

Wapo watakaosema dawa ni kuua mbwa wote wanaozurura. Ukiua, unaondoa na waliochanjwa, nafasi inajazwa na watoto wa mbwa wasio na kinga, na wenye mbwa wanawaficha wao siku ya kampeni inayofuata. Wapo pia wa vijiji vilivyo mpakani mwa hifadhi, Robanda au Machochwe, watakaouliza faida ya kumchanja mbwa wakati pori limejaa mbweha na fisi. Lembo na wenzake walilichunguza swali hilo, na mwaka 2008 wakahitimisha kwamba katika ikolojia ya Serengeti mbwa wa nyumbani ndiye anayehitajika ili ugonjwa uendelee kuwepo; wanyamapori huambukizwa na kuambukiza, lakini peke yao hawaudumishi. Kwa kweli walioumia ni wao: kichaa kilithibitishwa kwa mbwa mwitu wa Serengeti mwaka 1990, na kufikia 1991 makundi yaliyokuwa yakifuatiliwa yalikuwa yametoweka. Kwa Tarime hoja ina upande mwingine, ule wa Sirari, mpakani na Kenya. Mbwa havuki mpaka kwa pasi, na mnada wa ng'ombe huwakusanya wa pande zote mbili, hivyo kata za mpakani ndizo zisizopaswa kukosa kampeni hata mwaka mmoja.

Siku ya chanjo ikitangazwa, usimtume mtoto mdogo peke yake na mbwa watatu kwenye kamba moja; foleni yenye mbwa wageni ni mahali pa kuumwa. Mbwa mmoja kamba moja, na mkali afungwe mdomo kwa kitambaa. Leta na watoto wa mbwa hata wa wiki chache, kwani kuwaacha ndiko kunakofungua lile pengo. Ukikosa siku hiyo, usisubiri mwaka mzima. Imeonekana kwamba chanjo ya mbwa aina ya Nobivac hubaki na nguvu hata ikikaa miezi 3 kwenye nyuzijoto 30, na ndiyo maana Ahmed Lugelo na wenzake wametengeneza hapa nchini chombo cha udongo kiitwacho Zeepot, kinachopoza bila umeme, na mkoa wa Mara umekuwa mahali pa kujaribu utaratibu wa kuweka chanjo ngazi ya kata na kuchanja mwaka mzima. Muulize mtaalamu wa mifugo wa kata yako kama anayo. Akimchanja mbwa wako chukua cheti, ukiweke pamoja na kadi za kliniki za watoto, maana mbwa huyo akimuuma mtu, cheti hicho ndicho kitakachoulizwa na kituo cha afya na ofisi ya mifugo kabla ya swali jingine lolote.